Sauti ya Mama Imo Kwenye Kanda

Mimi ni fundi cherehani. Mke wangu naye ni fundi cherehani, tena ananizidi, ingawa hilo huwa silisemi mbele ya wateja. Duka letu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Kuna cherehani mbili, meza ya kukatia nguo, pasi, na kitambaa cheusi kilichotundikwa ukutani.

Kitambaa hicho hakiuzwi. Hicho ndicho mdomo wa mke wangu. Miaka sita iliyopita aliugua koo. Akafanyiwa upasuaji, akapona, lakini sauti haikurudi. Tangu hapo, akitaka kusema jambo, anaandika kwa chaki ya fundi juu ya kitambaa kile. Akikasirika anaandika kwa herufi kubwa. Mimi herufi kubwa nimezizoea, maana nyingi huwa ni za kwangu.

Tuna binti wa miaka saba. Tunamwita Bobini, kwa sababu ni mdogo na anazunguka kutwa nzima, kama bobini ya uzi chini ya cherehani. Mama yake alipopoteza sauti, yeye alikuwa bado ananyonya. Hakumbuki chochote.

Asubuhi moja, Bobini alikuwa anachezea vipande vya nguo sakafuni. Mara akaniuliza, "Baba, mama alikuwa anaongeaje?"

Nikajaribu kumwigiza. Nikabana pua, nikasema kwamba pasi inaunguza nguo za watu. Bobini akacheka mpaka akalala chini. Mke wangu naye akacheka, mabega yanatikisika bila mlio. Kisha akageuka, akaanza kukunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. Roho iliniuma kweli.

Ndipo nikaikumbuka kanda. Siku tuliyofungua duka, kabla Bobini hajazaliwa, kaka yangu aliniazima kamera yake ya video. Baadaye akaniachia moja kwa moja. Siku ile nilirekodi karibu saa nzima, na mke wangu anaongea humo tangu mwanzo mpaka mwisho. Kanda ni hiyo moja tu. Sauti yake haiko mahali pengine popote duniani.

Nikaitoa kamera kwenye sanduku chini ya kitanda. Nikaichomeka kwenye umeme, nikatia kanda, nikabonyeza. Ikalia kwii, kwii. Sasa mimi kitu kikilia kwii, dawa yake naijua. Cherehani ikilia, unaipa tone la mafuta. Nikachukua kichupa cha mafuta ya cherehani, nikadondosha tone moja pale kanda inapoingilia. Halikutosha. Nikaongeza la pili. Mke wangu alipiga meza kunizuia, nikamwambia atulie, aache fundi afanye kazi.

Kamera ikanyamaza. Kwenye kioo chake kidogo ikatokea michirizi, halafu giza. Nikabonyeza kitufe cha kutolea kanda. Kanda haikutoka.

Mke wangu akaenda kwenye kitambaa chake. Nilingoja herufi kubwa. Aliandika kwa herufi ndogo sana: "Ilikuwa hiyo moja tu." Heri angenigombeza.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa mama mmoja anayepiga picha za harusi. Mtaa mzima tunamwita Mama Picha. Chumba chake kimejaa kamera, za leo na za zamani. Nikaenda kwake mbio, kamera nimeifunga kwenye taulo kama mgonjwa. Nikamweleza yote, na mafuta nikayataja, maana kuficha kusingenisaidia.

Mama Picha akaipokea, akainusa. "Fundi," akasema, "ulitaka kuitengeneza au kuikaanga?"

Nikainamisha kichwa. Akanieleza taratibu kwamba kamera si cherehani. Ndani yake kuna sehemu ndogo inayosoma kanda. Ikipata mafuta au vumbi, haiwezi kusoma tena. Kamera ikilia, mpelekee fundi wa kamera. Usidondoshe chochote ndani, wala usivute kanda kwa nguvu, maana utepe wake utakatika.

Akachukua bisibisi ndogo, akaifungua kamera, akaitoa kanda polepole. Akaenda nayo dirishani kwenye mwanga. Mafuta yalikuwa yamelipaka ganda la nje tu, utepe wa ndani hayakuufikia. Akalifuta ganda kwa kitambaa kikavu. Kamera yangu akaiweka kando. Akatoa kamera yake, inayotumia kanda za aina ileile, akaitia kanda humo.

"Lakini nikwambie kitu," akasema. "Hata bila mafuta yako, kanda hii ingekufa tu. Kanda zinazeeka. Unyevu unazila, joto linazila. Na kamera za kuzichezesha zinaadimika. Leo tuihamishie kwenye kompyuta."

Nikamuuliza kanda inaingia wapi kwenye kompyuta. Akacheka. Kompyuta haina pa kutia kanda, akasema. Kamera inacheza, na kompyuta inarekodi wakati huohuo. Katikati kuna waya wenye ncha tatu: ya njano, nyeupe na nyekundu. Ncha hizo zinaingia kwenye kijisanduku kidogo kama kiberiti, na kijisanduku kinachomekwa kwenye kompyuta. Kazi yake ni ya mkalimani. Kinachukua lugha ya kamera na kuigeuza iwe lugha ya kompyuta.

Alichomeka kijisanduku kwenye kompyuta, akafungua programu ya kurekodi, akachomeka waya upande wa kamera, kisha akaniachia upande wa kijisanduku ili na mimi nijifunze. Akanionya kwamba kamera lazima iwe kwenye umeme, si kwenye betri, isije ikazimika katikati ya kazi. Mara mteja akamwita nje, akatoka.

Nikachomeka ncha ya njano. Picha ikatokea kwenye kompyuta, kubwa na safi. Ncha mbili zilibaki zinaning'inia, nikaziacha. Kwa ufundi wangu, shati zuri huwa na vifungo vya akiba vilivyoshonwa kwa ndani. Nikajua na hizi ni za akiba. Nikatoka mlangoni, nikamwita mke wangu na Bobini waje upesi.

Wakaja, wakakaa. Nikabonyeza. Mke wangu akatokea, amevaa gauni la maua, mkasi mkononi, mdomo unakwenda. Unakwenda kwelikweli. Lakini hakukuwa na sauti hata kidogo.

Bobini akangoja. Akangoja tena. Kisha akauliza kwa upole, "Kumbe hata zamani mama alikuwa haongei?"

Mke wangu alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mimi nilijua mafuta yangu yameimeza sauti, na kwamba jambo hilo sitasamehewa, hata nikisamehewa.

Mama Picha akarudi. Hakutazama kompyuta, alitazama waya. Akaniuliza zile ncha mbili nimeziacha za nini. Nikamweleza habari ya vifungo vya akiba.

"Ya njano inabeba picha peke yake," akasema. "Nyeupe na nyekundu ndizo zinazobeba sauti. Kila ncha iingie kwenye tundu la rangi yake."

Akanisimamia nikazichomeka zote. Akairudisha kanda mwanzo kabisa. Akabonyeza kurekodi kwenye kompyuta kwanza. Kisha ndipo akabonyeza kucheza kwenye kamera.

"Wewe mume wangu, unaniangalia mimi au unaangalia hicho kidude? Kiweke chini ukapige pasi, watu wanakuja!"

Ilikuwa sauti nzito kidogo, yenye kicheko ndani yake. Kile kicheko nilikuwa nimekisahau. Nililia, na sikuona haya.

Bobini hakuzunguka tena. Alikaa kimya kwa saa nzima, kwa sababu kanda huhamishwa kwa mwendo wake wenyewe. Kanda ya saa moja inachukua saa moja, na kompyuta isifanyishwe kazi nyingine kwa wakati huo. Katika saa hiyo mke wangu alinitania mara kumi na moja. Bobini alihesabu.

Kanda ilipokwisha, Mama Picha akasimamisha kurekodi, akahifadhi video. Akaipa jina linaloeleweka: Siku ya kufungua duka, na mwaka wake. Akasema ukiiacha na jina la tarakimu tupu, kesho hutaiona. Kabla ya kuchomoa chochote, akaitazama video mwanzo, katikati na mwisho, kuhakikisha picha ipo na sauti ipo.

Nikamshukuru, nikainuka. Akanirudisha kwenye kiti. Kompyuta nayo huharibika, akasema. Akanitilia nakala moja kwenye flashi na nyingine kwenye diski ya nje. Flashi tukae nayo sisi, diski akaitunze kaka yangu kwake. Zikikaa nyumba moja zote, zinaweza kupotea pamoja. Kanda yenyewe nayo tusiitupe. Ikae kwenye kasha lake, pakavu, mbali na jua. Nikaongeza mwenyewe: na mbali na pasi. Akaongeza yeye: na mbali na fundi.

Siku hizi kichupa cha mafuta kinakaa juu ya cherehani, na hakitoki hapo.

Jioni ileile, mke wangu aliandika kwenye kitambaa: "Bobini, njoo ule, chakula kinapoa." Kwa kawaida Bobini husoma kwa sauti, neno moja moja, kwa sababu ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Siku hiyo alisimama mbele ya kitambaa, kimya, anatabasamu.

Nikamuuliza kama kuna neno limemshinda.

"Hapana, baba," akasema. "Nikisoma kimoyomoyo, namsikia mama."

Mke wangu alikuwa anaelekea mezani. Akasimama. Akarudi, akaokota chaki, akaandika tena. Aliandika mpaka kitambaa kikajaa, na chakula kikapoa, na hakuna aliyelalamika.