Nani Atamsugua Bibi Mgongo?

Jumamosi ni siku ya sauna, yaani kuoga kwa mvuke wa mawe ya moto. Hata asiye na kalenda atajua, maana moshi hutoka kwenye kila kibanda kando ya mto wetu. Nyumbani kwa Taneli na Vuokko moshi huanza mapema kuliko kwa jirani yeyote. Wana watoto tisa, na Bibi Hilja, mama yake Taneli, anaishi nao. Watu wengi hivyo hawaogi kwa mara moja.

Wao ni watu wa nyumba ya maombi, kama wengi wetu hapa. Hawana televisheni. Wanawake hawavai hereni wala hawapaki rangi mdomoni. Sketi hushuka chini ya magoti, na Bibi Hilja akiona goti la mjukuu kwenye ibada, hukohoa mpaka msichana aivute sketi yake.

Lakini ndani ya sauna hakuna anayevaa kitu. Wageni hushangaa, sisi hatuoni ajabu. Wanawake huingia na wasichana, wanaume huingia baadaye na wavulana. Tangu utoto tunafundishwa kukaa ndani ya sauna kama tunavyokaa kanisani. Hakuna matusi. Hakuna kumcheka mtu mwili wake. Hakuna kukodoa macho. Mzee na mtoto, mnene na mwembamba, wote hukaa kwenye ubao mmoja, mtu mmoja humwagia maji mawe ya moto, na wote hutoka jasho. Mimi nasema wazi, sijaona mahali penye staha kuliko hapo.

Tangu Vuokko aolewe, yeye ndiye aliyemsugua mkwe wake mgongo kila Jumamosi. Alijua pa kukaza mkono na pa kulegeza. Wengine wakijaribu, Bibi Hilja hulalamika.

Vuli moja, baada ya kuvuna viazi, Vuokko alibadilika.

"Nyinyi tangulieni," alisema. "Nina unga wa maandazi hapa. Nitaoga mwisho, peke yangu."

Jumamosi iliyofuata kichwa kilimuuma. Nyingine tena, joto lilimzidi. Ikabidi Anniina, binti yake mkubwa, ashike brashi.

"We mtoto!" Bibi Hilja alipiga kelele. "Huo ni mgongo, si sufuria!"

"Samahani, bibi."

"Mama yako yuko wapi? Ananionea haya mimi, niliyemjua tangu akiwa bibi harusi?"

Bibi Hilja si mtu wa kuchezewa. Jumamosi iliyofuata alikaa jikoni na joho lake la kuogea, mikono kifuani, hatikisiki.

"Siogi," alisema, "mpaka mkwe wangu anisugue mgongo."

"Mama, Anniina yupo," Vuokko alisema.

"Anniina atanichubua. Nitakaa hapa hapa mpaka Krismasi."

Vuokko hakuwa na la kufanya. Aliingia sauna, lakini alijifunga taulo kuanzia kwapani hadi magotini. Taulo ndani ya sauna yetu ni kama kofia kwenye kichwa cha mwanamume kanisani.

"Mama," aliuliza Elsi, kitinda mimba, "unasikia baridi?"

Bibi Hilja alimtazama mkwe wake. Kisha akawageukia wasichana.

"Tokeni. Nendeni mkanywe juisi."

Mlango ulipofungwa, alisema, "Haya. Litoe hilo taulo."

"Mama, tafadhali."

"Nimezaa, nimeugua, nimezika mume. Utanionyesha nini nisichokijua?"

Vuokko akalifungua taulo polepole. Kwenye titi la kushoto palikuwa na uvimbe mgumu, ukubwa wa kokwa. Ngozi juu yake ilikuwa imebonyea.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipokuwa tunachuma beri msituni. Hauumi, mama. Nilidhani ni maziwa yameganda. Nimenyonyesha watoto tisa."

"Elsi aliacha kunyonya zamani."

Vuokko akajifunika tena kwa taulo.

"Kwa nini hukwenda kwa daktari?"

"Daktari mwenyewe ni nani, mama? Si ni Eero! Mtoto wa mhubiri Kopsala! Mimi ndiye niliyemfundisha shule ya Jumapili. Nilikuwa namfuta kamasi kwa kitambaa changu. Leo nimvulie blauzi, halafu Jumapili tunywe kahawa meza moja? Nitaiweka wapi sura yangu?"

Wengine wangecheka. Bibi Hilja hakucheka.

"Unamkumbuka dada yangu Lempi?" aliuliza.

"Nimesikia tu habari zake. Wanasema alikuwa mwanamke mwenye staha sana."

"Ndiyo, walisema hivyo. Hata mimi nilisema. Alipokufa, tulimleta kumwosha hapa hapa, ndani ya sauna hii. Ndivyo tulivyofanya zamani. Tulipomvua nguo ndipo tukaona. Titi lilikuwa limeoza, Vuokko. Alikuwa amelifunga vitambaa, akavaa nguo juu yake, akaja ibada kila Jumapili akiimba. Hakumwambia hata mumewe." Bibi Hilja alifuta uso, na halikuwa jasho peke yake. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilimwona dada yangu amechelewa. Sitamwona mkwe wangu hivyo."

Vuokko alianza kulia. Bibi Hilja akamwacha alie. Kisha akasema, "Jumatatu dada Raili anakuja kunipima shinikizo la damu. Utamwambia, au nitamwambia mimi."

Dada Raili ni mhudumu wa parokia yetu. Amesomea uuguzi, na kazi yake ni kuwatembelea wagonjwa na wenye shida. Gari lake dogo linajulikana kila njia. Jumatatu alimpima Bibi Hilja, akakaa mezani, na Vuokko akammiminia kahawa. Bibi Hilja akakohoa. Vuokko akaeleza yote, macho yake yakiangalia kikombe.

"Asante kwa kuniambia," Raili alisema. "Kwanza nikwambie hivi. Uvimbe mwingi wa titi si saratani. Lakini hakuna anayejua kwa kubahatisha, si mimi wala si wewe. Lazima upimwe."

"Lakini hauumi."

"Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Saratani ya titi mara nyingi huanza bila maumivu. Usingoje maumivu. Ukiona uvimbe titini au kwapani, au ngozi imebonyea, au chuchu imeingia ndani, au inatoa damu, nenda upimwe."

"Na kunyonyesha je? Nilisikia kunakinga."

"Kunapunguza hatari, ni kweli. Lakini hakufungi mlango."

Vuokko alikoroga kahawa yake, ingawa hakutia sukari. "Dada Raili, sisi tumefundishwa kwamba mwili si wa kuonyesha watu."

"Mmefundishwa vizuri. Kwani nimekwambia ukauonyeshe sokoni?"

Bibi Hilja akaguna kwa kicheko.

"Niambie, mwalimu wa shule ya Jumapili," Raili aliendelea. "Adamu na Hawa walipoona aibu, walifanya nini?"

"Walijificha kwenye miti."

"Mungu akafanya nini?"

"Akawaita."

"Kisha?"

"Akawavika nguo."

"Hakuwaacha walikojificha. Alitupatia nguo kwa huruma, ili tutembee mbele za watu bila kuogopa. Wewe umeichukua nguo hiyo ukaigeuza kichaka cha kujifichia. Mwili wako aliuumba yeye, na aliyeuumba hauonei haya. Kuutunza ni kumheshimu. Staha ni kujua nani aone, kwa sababu gani, na kwa heshima gani. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Wewe mwenye watoto tisa, methali hiyo nikufundishe mimi?"

Vuokko alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu viazi vivunwe. Lakini uso wake ukakunjamana tena.

"Hakuna daktari wa kike?"

"Yupo. Huja Alhamisi kutoka mjini, na una haki kabisa ya kumwomba. Nimeuliza leo asubuhi kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Nafasi yake ya karibu ni mwezi ujao. Eero ana nafasi kesho."

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningekwenda kesho. Ngozi ikibonyea hivyo, mwezi ni mrefu. Tena ningeomba muuguzi wa kike abaki chumbani. Huhitaji kueleza sababu. Unasema tu, nataka awepo."

Vuokko akasukuma kikombe kando. Mwisho akasema, "Basi piga simu kwa Eero, kabla sijabadili nia."

Ilibaki kumwambia Taneli. Taneli ni seremala wa madirisha, mtu mwema, lakini maneno kwake ni haba kama jua la Desemba hapa kwetu kaskazini. Vuokko alimweleza walipokuwa wanakula supu ya samaki. Taneli aliweka kijiko chini, akasimama, akatoka nje. Vuokko alidhani amekasirika. Mara akasikia gari linawashwa.

Akakimbilia mlangoni. "Taneli! Miadi ni kesho!"

"Najua," Taneli alijibu kutoka garini. "Naangalia tu kama linawaka."

Machozi yalikuwa yakimtiririka mashavuni. Vuokko akaenda akaketi karibu naye, na gari likanguruma palepale uani mpaka supu ikapoa.

Kesho yake, Daktari Eero alipomwona Vuokko mlangoni aliona haya, akawa mwekundu kuanzia shingoni hadi masikioni.

"Salamu za Mungu, mwalimu," alisema, kama tunavyosalimiana sisi wa nyumba ya maombi.

"Salamu za Mungu, Eero. Nataka muuguzi abaki humu ndani."

"Bila shaka. Hata mimi nataka."

Muuguzi alimpa Vuokko shuka safi ya kujifunika na kumvutia pazia avue nguo nyuma yake. Eero alipasha mikono yake kwa maji ya moto. Alieleza kila kitu kabla ya kukifanya. Alipopima titi moja, la pili lilibaki limefunikwa. Alipima na kwapani, hakuuliza neno lisilohusika, na kazi ilikwisha upesi kuliko kusugua mgongo wa Bibi Hilja.

Vuokko alipokwisha kuvaa, Eero alikaa mbele yake.

"Mwalimu, sitakuficha. Sipendi ninachokihisi. Utakwenda hospitali kuu ya mji wa Oulu wiki hii. Watapiga picha na kuchukua kipande kidogo kwa sindano. Na asante kwa kuja kwangu. Wanawake wa nyumba ya maombi wananikimbia. Wengine huendesha gari mbali sana kwenda kwa daktari mwingine. Wengine hawaendi popote, na hao ndio wanaonikosesha usingizi."

Ilikuwa saratani. Siogopi kuliandika neno hilo, kwa sababu kulificha ndiko kunakoliongezea nguvu. Madaktari wa Oulu walisema haijafika mbali, na kwamba angengoja msimu mmoja zaidi, wangesema maneno mengine. Waliondoa titi. Kisha zikafuata dawa za dripu wakati wote wa baridi. Nywele za Vuokko zilianguka, na kilemba alichokuwa akivaa ibadani tu sasa alikivaa hata jikoni. Taneli alijifunza kusuka nywele za wasichana. Misuko ilikwenda upande kama uzio wa zamani, lakini hakuna aliyemcheka. Jumapili ya kwanza Vuokko aliporudi ibada, Daktari Eero alimpitishia sahani ya maandazi ya iliki, akasema "Salamu za Mungu," wala hakuongeza neno. Vuokko aliweza kumtazama usoni.

Barafu ilipoondoka mtoni, akina mama wa kikundi cha kushona walimwalika dada Raili. Aliyewaomba wamwalike ni Bibi Hilja. Waliketi na sindano zao, wakauliza maswali ambayo hawakuwahi kuuliza, na wawili walipiga simu kituo cha afya wiki ile ile. Mmoja uvimbe wake haukuwa kitu. Alilia kwa furaha hadharani.

Juni ilipofika, majani ya mbetula, mti wa kwetu, yakiwa mabichi, daktari alisema kovu limepona na Vuokko anaweza kurudi sauna.

Jumamosi ile alisimama kwenye chumba cha kuvulia nguo, taulo limemzunguka. Alisikia sauti za wasichana ndani. Madaktari walimwona, wauguzi walimwona, Taneli alimwona. Lakini hawa ni watoto wake, nao walinyonya hapo. Aliogopa wangeshtuka. Aliogopa zaidi kwamba wangejifunza kwake kujificha, kama yeye alivyojifunza, na kama Lempi alivyojifunza.

Alitundika taulo kwenye msumari, akafungua mlango.

Maji yalichemka juu ya mawe. Anniina aliuma midomo. Elsi akashuka kutoka ubaoni, akasogea karibu.

"Wamekata hapa, mama?"

"Ndiyo. Palikuwa na ugonjwa."

"Panauma?"

"Sasa hapaumi."

Elsi alifikiri kidogo. "Basi njoo ukae. Mlango unaingiza baridi."

Wasichana wakacheka, na Anniina akacheka huku analia, wakasogea kumpa mama yao nafasi. Bibi Hilja alikuwa tayari amegeuka ukutani, brashi ameinyoosha nyuma.

"Umechelewa," alisema. "Mgongo unaniwasha tangu mwaka jana."

Vuokko akasugua, pa kukaza akakaza, pa kulegeza akalegeza. Alipomaliza na kuinama kuchukua maji, Bibi Hilja akamnyang'anya brashi. Kwa miaka yote waliyooga pamoja hakuwahi kufanya hivyo.

"Sasa geuka wewe," alisema.