Ujumbe Uliokwenda kwa Kila Mzazi

Jirani wa kina Kapteni, mshona nguo, aliapa kwamba kompyuta ya shule ilikuwa imepandwa na wazimu.

"Jana imejiamulia yenyewe!" alisema asubuhi ile akichungulia juu ya ukuta wa ua. "Eti watoto wote hawajafika shule! Wangu yuko darasani ametulia, mimi niko barabarani na kiatu kimoja, namwita kama mbuzi aliyepotea!"

Kapteni aliendelea kuosha vyombo. Hakucheka. Alijua kompyuta haikuwa na wazimu wowote.

Aliitwa Kapteni kwa kuwa ndiye aliyeongoza kikundi cha kompyuta cha darasa la saba. Walikuwa wametengeneza programu ya kumtumia mzazi ujumbe mtoto wake asipofika shuleni. Kanuni yao ilikuwa moja: ukibadilisha kitu, mwenzako akisome kwanza, ndipo kianze kazi. Jana Kapteni alibadilisha mstari mmoja wa programu hiyo. Rafiki yake, waliyemwita Kobe kwa kuwa alisoma polepole, alimwambia, "Ngoja niupitie."

"Nikikungoja wewe, shule itafungwa," Kapteni alijibu, akabonyeza kitufe cha kuianzisha.

Ujumbe ukaenda kwa kila mzazi. Bibi yake Kobe alitoka mbio kumtafuta mjukuu wake, akaanguka mtaroni, akavunjika mguu. Mwalimu alipouliza, Kapteni alijibu upesi, "Sehemu ya ujumbe aliiandika Kobe." Ni kweli, aliiandika. Lakini Kobe hakuwepo kujitetea, alikuwa hospitalini na bibi yake. Akaondolewa kikundini.

Sabuni ilimkaukia Kapteni mikononi. Alipofika shuleni alikwenda moja kwa moja ofisini.

"Mwalimu, ni mimi. Kobe aliniambia ningoje, nikamdharau."

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Siku wazazi waliposifu programu, ulisema nani kaitengeneza?"

"Nilisema mimi."

"Na jana?"

"Nilisema Kobe."

"Basi hukuwa kiongozi, mwanangu. Ulikuwa umetangulia tu. Kazi ikiharibika, kiongozi ndiye wa kwanza kusimama. Na mimi nimekosa. Nimemhukumu mtoto bila kumsikiliza."

Walisahihisha ule mstari. Safari hii Kapteni hakubonyeza mpaka mwalimu alipomaliza kuusoma.

Baada ya masomo alikwenda wodini. Kobe alikuwa akimfuta bibi yake jasho. Kapteni alieleza yote, bibi akisikia.

"Nisamehe," alimalizia. "Mwalimu amekurudisha kikundini. Rudi, Kobe. Kazi yangu uwe unaisoma wewe."

Kobe alikamua kitambaa, akakikunja vizuri, akampa Kapteni mgongo, akageukia kitanda.

"Bibi, nikuletee maji?"