Sahani ya Tatu

Sahani ya tatu ilikuwa safi. Inspekta Abir Bawazir aliiona hata kabla hajamtazama marehemu.

Meza ya jikoni ilikuwa na viti vitatu na leso zilizokunjwa vizuri kando ya kila sahani. Sahani mbili zilikuwa na mabaki ya kitu cha manjano, mfano wa mayai ya kuvurugwa. Ya tatu haikuguswa hata na kijiko.

Marehemu alikuwa amelala katika chumba kidogo nyuma ya jiko, shuka imevutwa hadi kidevuni. Aliitwa Rispah, Mkenya, mpishi wa jumba hilo la mtaa wa Al-Hamra, Jeddah. Alikuwa ametapika usiku kucha. Asubuhi hakuamka.

"Ni yule mwanamume wake wa Riyadh," madam mwenye nyumba alisema akiwa mlangoni. "Wiki nzima walikuwa wakigombana kwenye simu. Jana sisi tulikuwa nje, akaja. Jioni akatoroka."

Kando ya friji alisimama msichana mwingine wa kazi, mikono ameificha ndani ya aproni.

"Wewe waitwaje?" Abir alimuuliza kwa Kiswahili.

Msichana alishtuka. Hakujua kwamba mama yake Inspekta alizaliwa Mombasa, akaolewa Jeddah, na akaja na lugha yake.

"Damaris, madam."

"Jana mlikula wangapi hapa?"

"Watatu. Mimi, Rispah na Bonface wake."

"Mlikula nini?"

"Samaki wa chumvi na mayai."

"Sahani moja ni safi. Wewe hukula?"

"Nilikuwa napakua."

Abir aliiagiza timu yake ichukue sampuli za kila sahani. Ile safi aliifunga mwenyewe kwenye mfuko wa ushahidi. Mwenye kutia sumu huwa hali, aliwaza.

Siku iliyofuata daktari alimpigia simu. Mwili haukuwa na jeraha. Sukari ya damu ilikuwa imeshuka hadi karibu na kuisha, na ini lilikuwa limeharibika.

"Ni sumu," daktari alisema, "lakini si ya panya wala ya dukani. Angepewa sukari ya mshipani mapema, huenda angepona."

"Ilikuwa kwenye mayai?"

"Mayai gani? Maabara haikuona yai hata chembe. Kile cha manjano ni mmea."

Bonface alikuwa amekamatwa Riyadh, mtaa wa Al-Sulay, kwenye ghala alikopakia malori. Abir alipanda ndege kwenda kumhoji. Alimkuta selo, midomo imemkauka, akijishika tumbo.

"Mnasema nimemuua Rispah."

"Sijasema. Nauliza. Mligombania nini?"

"Harusi. Mimi nilitaka Desemba, yeye alitaka amalize mkataba kwanza. Hiyo ni sababu ya kuua mtu?"

"Ulikula?"

"Vijiko viwili. Mimi na mayai ya kuteleza hatupatani. Nikamsogezea Rispah sahani yangu. Akanicheka. Eti nimekula wali wa ghala mpaka sijui chakula ya watu wa meli."

"Watu wa meli?"

"Si Damaris walienda na madam huko Karibiani, kwa ile meli ya kitalii? Alipelekwa kuangalia watoto. Alirudi na hadithi tele, akasema lazima atupikie chakula ya huko." Alijifuta midomo. "Nilitapika njia nzima kurudi. Nikadhani ni joto. Inspekta, ningemaliza ile sahani yangu, yeye angekuwa hai?"

Abir aliyatazama maandishi yake.

Aliporudi Jeddah alikwenda moja kwa moja hadi stoo ya jumba lile, kutafuta mabaki ya mmea ule wa Karibiani. Alipekua rafu zote, kisha akatumbukiza mkono ndani ya pipa la mchele. Chini kabisa vidole vyake viligusa kitu laini, kinachotosha kiganja. Lilikuwa tunda jekundu, limefumba.

Jioni hiyo aliliweka juu ya meza ya chumba cha mahojiano, mbele ya Damaris, na kuwasha kinasa sauti.

"Hili ni nini?"

Damaris aliinamisha kichwa.

"Bonface yuko selo. Kesi ya kuua si mchezo hapa. Wewe ndiye uliyepika, na wewe ndiye hukula. Nieleze, au yeye abebe mzigo."

"Si yeye." Sauti ilikuwa ndogo sana. "Hajui hata jina la hilo tunda. Linaitwa aki, likipikwa linafanana na mayai. Ni mimi."

"Ulilitoa wapi?"

"Jamaika. Kwenye meli kulikuwa na msichana wa huko, Joy, wa kufagia vyumba. Tulipofika kwao, madam alilala na watoto, akaniruhusu nishuke. Joy akanipeleka kwa mama yake. Walikuwa wamepika aki na samaki wa chumvi. Mama akavuta kiti, akaniambia, kaa." Alipangusa uso kwa kiganja. "Tangu nije Saudia, sijawahi kuvutiwa kiti. Nakula nimesimama. Nilikula nikalia, wakacheka wakidhani ni pilipili."

"Endelea."

"Rispah aliachwa huku alinde nyumba. Nikasema, hii lazima aionje. Yaliyokuwa yamefunguka yangeoza njiani. Nikachuma yaliyofumba, nikayaficha kwenye nguo. Kwetu avokado huchumwa ikiwa ngumu, unaifukia kwenye unga, inaiva. Haya nikayafukia kwenye mchele. Yakakataa kufunguka. Na Bonface alikuwa na hiyo Ijumaa moja tu ya mapumziko. Nikachukua kisu, nikayapasua."

"Joy hakukuonya?"

"Alinionya. Alisema usile ambalo halijafunguka lenyewe mtini. Nilidhani ni mambo ya kuumwa tumbo tu, kama avokado mbichi."

"Mbona ukaniambia ni mayai?"

"Niliogopa."

"Na wewe mbona hukula?"

"Wageni kwanza. Halafu Rispah akapenda, akaomba aongezwe. Nikampa yangu yote iliyobaki sufuriani."

Abir aliegemea kiti. Tangu mwanzo aliisoma sahani ile kama sahani ya muuaji, na hakuwahi kufikiri kwamba ingeweza kusomwa vingine. Alitoka nje ya mlango, akapiga simu Riyadh na kuagiza Bonface atolewe selo, apelekwe hospitali.

Aliporudi, Damaris alikuwa bado analitazama lile tunda.

"Kuna lingine, madam. Hujaniuliza."

"Sema."

"Rispah alipoinua kijiko cha kwanza aliniuliza, 'Dada, hii imeiva kweli?' Alikuwa anatania tu. Lakini nilimkumbuka Joy. Maneno yalifika hapa." Aligusa koo. "Nikaona haya. Nilikuwa nimekunja leso. Nilikuwa nimewavutia viti. Mimi hata kuongea mbele ya watu wawili huwa naona haya. Nikatabasamu tu, naye akala."

"Ulitaka kumwambia nini?"

Damaris aliinua uso. Hakumtazama Inspekta. Alikitazama kiti kitupu kilichokuwa kando yake, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikasikika hadi koridoni.

"Rispah, dadangu, weka kijiko chini. Usile."