Aikoni Zinasogea

"Dada, mimi na ukubwa wote huu, hukuniona?"

Ukumbi wa jengo ulikuwa umefurika, watu wakigombea lifti. Msanifu wa kurasa wa ofisi ya uchapaji, ndani ya gauni la zambarau, alikuwa amempamia fundi kompyuta, na chai yote ikamwagikia shati jeupe la yule kaka.

"Samahani, nina haraka."

Uongo mtupu! Hakuwa na haraka yoyote. Macho yake yalikuwa yanakufa pembeni. Ya mbele aliyaona, ya ubavuni yalishamezwa na giza.

"Basi nitakuita Bi Haraka," fundi alicheka. "Na shati utalifua wewe."

Shati likafuliwa, likazaa chakula cha mchana, chakula kikazaa simu za kila jioni. Mapenzi yakakolea. Lakini msanifu alilala na hofu, akaamka nayo. Shangazi yake aliugua macho hayohayo; mumewe aliaga anakwenda dukani, hadi leo hajarudi. Kwa hiyo hakumwambia bosi, wala mpenzi. Nani atamtaka msanifu kipofu? Nani atamtaka mke kipofu?

Ndipo kompyuta yake ikaanza vituko.

Asubuhi moja alikuta mshale umenenepa, umekuwa wa njano. Akadhani kabonyeza kitu. Baadaye picha ya maua aliyoiweka mwenyewe kwenye skrini ikageuka nyeusi tii. Kisha aikoni, zile alama ndogo za kufungulia mafaili alizozipanga ukingoni, zikaanza kuhama. Kila akiwasha, zimesogea kidogo kuelekea katikati. Kuna mtu anajua! Kuna mtu anampima, na akishamaliza kumpima atakwenda kwa bosi.

Zaidi yake, neno la siri alilijua mtu mmoja tu. Akampigia.

"Mpenzi wangu, umeshakula?"

"Usiniite mpenzi! Unaingia kwenye kompyuta yangu?"

Akasikia mlango ukifungwa upande wa pili.

"Nakuuliza!"

"Naingia," fundi alisema taratibu. "Nisikilize kwanza, Bi Haraka..."

"Umetumwa na bosi, sivyo? Mnatafuta ushahidi mnifukuze! Kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Usinipigie tena!"

Akakata. Akabadilisha neno la siri, akarudisha maua yake na mshale wake wa zamani, akazitupa aikoni zote ukingoni. Kisha akaanza kutafuta faili la kitabu kilichokuwa kinangojewa mtamboni. Akatafuta weee. Akageuza shingo huku, akageuza kule. Mshale mwembamba ukampotea, jasho likamtoka. Jana nilifanyaje kazi? alijiuliza, na jibu likamtisha kuliko swali. Jana alikuwa amebebwa na ule mshale wa njano na aikoni za katikati.

Akapiga simu mwenyewe. Fundi akaja mbio, akasimama mbele ya meza na lile shati jeupe. Doa la chai halikuwa limetoka vizuri.

"Ulijua lini?"

"Siku ya kwanza. Kabla hujanipamia nilikuwa ubavuni mwako, nakusalimia, napunga mkono kama mwendawazimu. Na mtu mwenye haraka hapapasi ukuta, mpenzi."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa. Ulivyoificha, nikajua nikiigusa utanikimbia. Nikaona nisogeze vitu polepole, usishtuke. Nimekosa. Ningekuuliza kwanza. Nisamehe."

Msanifu akakumbuka vyakula vyote vya mchana.

"Kumbe ndiyo maana hukai pembeni yangu hata siku moja!"

"Nakaa pale unaponiona."

Hapo machozi yakamshinda. "Naogopa," alisema. "Siku moja na mbele patafungwa. Mume wa shangazi yangu alikwenda dukani, akapotelea hukohuko."

"Mimi pia naogopa, tena sana. Basi tuoane, dukani tuwe tunakwenda wote."

Akacheka, akajifuta machozi. "Haya. Lakini kwa bosi nitakwenda mwenyewe, nitamwambia leo hii. Na hizo aikoni zirudishe katikati. Maua yangu usiyaguse!"

"Sawa, bosi."

Msanifu akavuta kiti, akakiweka kushoto kwake, kwenye giza.

"Kaa hapa."

"Hapo hutaniona."

"Najua. Kaa."

Akasikia kiti kikilia. Hakugeuka kuhakikisha.