Vestina Afunga Daftari

Jumamosi, tarehe 10 Mei 2025. Asubuhi hiyo ukungu ulitanda Urambo, na jua lilikuwa jepesi kama maziwa yaliyotiwa maji. Bandani, Reveriani na binti yake Vestina walikuwa wakichambua tumbaku, kila daraja la ubora na fungu lake.

"Mimea hutengenezaje chakula?" aliuliza baba, daftari la sayansi likiwa magotini.

"Kwa mwanga wa jua, na... na..."

"Maji!" baba alidakia. "Na hewa. Umeona? Unajua!"

Lakini Vestina hakujua. Alikuwa na miaka kumi na minne, darasa la saba. Kila jioni baba alimsomea, naye alifuatisha kama anayeitikia sala ya litania. Kwenye jaribio la mwisho shuleni alipata kumi na mbili kati ya hamsini.

"Baba, mtihani wa kumaliza shule Septemba sifanyi," alisema polepole. "Nitabaki na tumbaku."

Mikono ya baba ilisimama.

Mama Apolinaria, jirani aliyeanza masomo ya jioni akiwa tayari ana wajukuu, alikuwa akiwasaidia kufunga majani.

"Baba Vestina," alisema, "kuchambua tumbaku ulimfundishaje? Ulimtajia daraja la kila jani?"

"Aa, wapi! Nilimwacha achague. Akikosea namwonyesha, anarudia."

"Sasa mbona masomo unamtafunia?"

Vestina alicheka kidogo. Apolinaria akamgeukia.

"Mjukuu wangu, soma ukurasa mmoja. Funga daftari. Eleza kwa maneno yako. Ulichosahau kiandike pembeni, kesho uanze nacho. Hata kichwa hiki chenye mvi kilishika hivyo, kwa neema ya Mungu."

Vestina alisoma, akafunga daftari. Vumbi la tumbaku lilielea kwenye mwanga kama moshi wa ubani kanisani. Baba aliuma midomo asimtajie jibu.

"Jani linapokea mwanga," Vestina alisema, kama anayeota. "Maji yanapanda kutoka mizizini. Hewa inaingia kwenye vitundu vidogo vya jani. Humo ndimo chakula kinapikwa."

Tangu siku hiyo alijipangia ratiba mwenyewe. Alijiuliza, alikosea, alirudia. Kwenye jaribio la kabla ya likizo ya Juni alipata thelathini na nane, wala hakutaja tena kuacha mtihani wa Septemba.

Jumamosi baada ya matokeo hayo, majirani wa jumuiya ya kanisa walikuja kusali kwao. Baada ya amina, Reveriani alisimama.

"Ndugu zangu, mbele ya Mungu na mbele yenu naahidi: nikimwuliza Vestina swali, nitafunga mdomo mpaka afikiri mwenyewe. Mkinisikia namnong'oneza jibu, nifukuzeni bandani!"