Mitapo ya Bi Zuwena

Jua lilikuwa linazama nilipokwenda kumwagilia miche kando ya mitapo, nyuma ya nyumba yetu kijijini Bonga. Salum, mume wangu, alikuwa bado mjini. Nilibeba ndoo moja tu. Sikupenda kukaa kule.

Mitapo ile aliipanda mama mkwe wangu, Bi Zuwena, kwa mbegu alizokuja nazo kutoka Pangani. Inafanana na minazi mifupi, majani yake yanachoma kama sindano. Mbegu zake zina sumu. Bi Zuwena alizimenya, akaziloweka siku saba, kila siku akibadilisha maji, ndipo akazianika na kusaga unga. Uji wake mtamu.

Mwaka jana binti yetu Rahma alikunywa uji wa mtapo, akafa kabla ya alfajiri. Alikuwa na miaka mitano. Majirani wakasema bibi kamla mjukuu. Wakaja na mawe. Hakuna aliyeuliza nani aliupika uji ule. Salum akampakia mama yake kwenye basi, hata mkono hakumpa.

Mimi nilinyamaza.

Basi jioni ile, nikiwa nimeinamia miche, nikasikia maji yakimwagwa.

Chwaa... Kimya. Chwaa...

Harufu ya mbegu zilizochacha ikanijaa puani. Tangu msiba hatukuwa tumeloweka hata moja.

Katikati ya mitapo, Bi Zuwena alikuwa amechutama mbele ya beseni. Mgongoni kabeba mtoto kwa kanga. Miguu ya mtoto ilining'inia.

Niliijua miguu ile.

"Shikamoo, mama," nilinong'ona.

"Marahaba, Mama Rahma." Hakugeuka. "Zile ulizompikia mwanao zilikuwa zimelala majini siku ngapi?"



"Tatu... Ndani hapakuwa na unga, mama. Alikuwa analia njaa. Wewe ulikwenda mnadani..."

"Najua. Nilikuta beseni limepungua."

"Mbona hukusema?"

Akamwaga maji. Chwaa...

"Ulikuwa umeshafiwa na mtoto. Nikunyang'anye na mume?"

Nikaanguka kifudifudi, nikilia. Nilipoinua uso palikuwa na majani tu. Chini yake, udongo umelowa.

Ndani nilimkuta Salum amekaa sakafuni, simu mkononi.

"Mama amefariki," alisema. "Alasiri hii, Pangani."

Nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia chumbani akafunga begi. Hakunipiga. Hakunitukana. Akaondoka na basi la alfajiri.

Kesho yake jioni, baada ya maziko, alinipigia.

"Nimemwomba mama radhi kaburini," alisema.

"Utarudi lini, Baba Rahma?"

Halafu, nyuma ya pumzi zake, nikasikia mtoto anacheka. Kicheko cha mtoto niliyemzaa mimi.

"Salum... uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu."

"Rahma!" niliita. "Rahma, mwanangu, ni mama!"

Kicheko kikakatika.