Uzi Kwenye Waya wa Kuzimia

Hakuwa na sare, hakuwa na pingu, wala gari. Hata miwani yake ilikuwa na kioo kimoja kilichopasuka. Bwana Taratibu, mpelelezi mstaafu, alipoingia kwenye boti ya abiria asubuhi ile, mchukuzi mmoja aliuliza kama polisi wameishiwa vijana.  Mzee alitazama viatu vyake mwenyewe: vilikuwa vimelowa maji ya sakafuni.

Injini ilikuwa imegoma. Meneja alishaamua kuwa ni hujuma, na mhujumu ni fundi, kwa kuwa juzi waligombana. Adhuhuri angemkabidhi kwa polisi.

Bwana Taratibu alimwomba fundi afungue plagi zote mbili, azilaze juu ya chuma cha injini, avute kamba ya kuwashia. Hakuna cheche. Wakajaribu plagi mpya, kimya.

"Mbili hazifi kwa pamoja," mzee akasema. "Chomoa waya wa swichi ya kuzimia."

Fundi akachomoa, akavuta. Cheche za buluu zikaruka.

Waya huo huua cheche ukigusa chuma. Mtu alikuwa ameumenya kidogo, akaufunga kwenye chuma kitupu kwa uzi mweusi uliopakwa nta, mafundo mawili safi. Adui angekata, mzee aliwaza. Huyu alifunga akijua patafunguliwa. Akageukia turubai jipya la kufunikia injini, lililoletwa na mshonaji wake jana jioni. Mishono yake: uzi uleule, nta ileile.

Mshonaji alikuwa mama yake nahodha wa boti hiyo. Mzee alimkuta nyumbani, mbele ya cherehani, akamwekea uzi mezani.

"Dada, umefunga vizuri mno. Hapo ndipo ulipokosea."

Mama hakukana. Siri ya waya ule alifundishwa na marehemu mumewe, nahodha vilevile. Wiki nzima mwanawe alirudi na suruali iliyolowa hadi magotini. Mbao za chini za boti zimeoza, na meneja amemwambia asiyetaka kazi aache.

"Baba yake nilimlilia bila kaburi," akasema. "Na huyu pia?"

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini fundi naye ana mama."

Mama akainama. "Sikudhani watamshika yeye. Andika, kaka. Nitaje."

Mzee aliandika barua kwa mkaguzi wa vyombo vya majini: fundi hana hatia, mshonaji amekiri, mbao zimeoza, boti isitoke. Yote katika aya moja, ili atakayesoma la uzi asiruke la mbao.

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Mama akayeyusha kipande chake cha nta kwa kiberiti, akaifunga bahasha mwenyewe, akamwita mwanawe, akamkabidhi aipeleke mbio.